Kesi za Data za Marekani: Nani Analipwa, Nani Anatapeliwa

Asalaam aleykum ndugu zangu wa Mtwara na Lindi, karibuni. Leo nakwenda moja kwa moja. Ukiletewa ujumbe kwenye grupu la WhatsApp kwamba kampuni ya Marekani imevujisha data za wateja, fidia ni mamilioni ya dola, na wewe uliyeko Newala utaingizwa kwenye mgawo kwa ada ya elfu thelathini, usitume hata shilingi. Hizi ni kesi za pamoja, yaani watu wengi wanaishitaki kampuni kwa kesi moja, na kujaza fomu ya madai ni bure. Mawakili hulipwa kutoka kwenye mfuko wa fidia, mara nyingi robo mpaka theluthi, na jaji ndiye anayeidhinisha. Halafu mahakama hutaja nani yumo. Mfuko wa dola milioni 725 wa Facebook, kwa mfano, ulikuwa wa watumiaji wa Marekani tu.

Na hata aliyemo asianze kupiga hesabu za bati. Chukueni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu. Mwaka 2017 taarifa za watu wapatao milioni 147 ziliibwa, na 2019 kukawa na makubaliano ya kulipa fidia. Watu wakasikia kila mmoja anachukua dola 125. Lakini fungu la malipo hayo lilikuwa na dola milioni 31 tu. Gawanya: linatosha watu 248,000. Waombaji wakawa wengi mno, kila mtu akaambulia dola chache. Aliyekuwa na ushahidi wa hasara yake ndiye aliyeweza kudai mpaka dola 20,000. Tofauti ilikuwa makaratasi, basi.

Sasa wewe uliyewahi kusoma au kufanya kazi Marekani ukarudi Masasi, hili linakuhusu. Taarifa huja kwa barua au baruapepe ikiwa na namba yako ya madai. Barua huenda kwenye anwani ya zamani, kwa hiyo fungua ile baruapepe ya zamani, mpaka kwenye folda ya taka (spam). Usibonyeze linki, tafuta mwenyewe tovuti ya kesi, ulinganishe jina la mahakama na namba ya kesi. Unaweza kudai, kujitoa ili ushitaki mwenyewe, au kupinga makubaliano. Ukikaa kimya, kwa kawaida unakosa pesa na haki ya kushitaki inakwenda pia. Kwenye malipo chagua njia ya kielektroniki kama ipo. Hundi ya Marekani ina muda wake wa mwisho, na kuibadilisha ukiwa Mtwara ni usumbufu mtupu.

Na data ikivujia nyumbani je? Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, ilianza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake inapokea malalamiko. Mahakamani pia kuna kesi ya uwakilishi: Kanuni ya 8, Amri ya 1 ya Sheria ya Mwenendo wa Madai. Wachache hufungua kwa niaba ya wengi wenye maslahi yaleyale, lakini lazima waombe kwanza kibali cha mahakama, na wenzao wapewe taarifa. Wengi huruka hatua ya kibali, kesi inakwama mlangoni.

Tuseme msimu wa korosho, malipo ya mnada yameingia, anapiga mtu anayelijua jina lako, chama chako cha msingi na kilo zako. Kuna mahali data imetoka. Usifute kitu. Piga picha ya skrini inayoonyesha namba, tarehe na saa. Ujumbe wa kitapeli upeleke 15040. Piga *106# uone namba zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA. Kama pesa imeondoka, chukua RB polisi siku hiyohiyo na uombe taarifa ya miamala kwa mtandao wako. Halafu waandikie waliokuwa na taarifa zako, uwaulize wamempa nani. Nakala yenye muhuri wa kupokelewa ibaki kwako. Kwa mdomo haisaidii.

Wenye barua za Marekani mkononi, nitumieni picha ya ukurasa wa kwanza tu. Ila zibeni kwanza jina na ile namba ya madai, tafadhali, hata mimi sitakiwi kuiona.