Kitufe Kipya, Ukurasa Mtupu: Kuandika Mwongozo wa Toleo Jipya la QGIS

Rehema: Karibu msikilizaji. Leo mimi na kaka Salimu tunaingia kwenye kazi ambayo isipofanywa, kipengele kipya kinabaki kitufe tu kisichojulikana kazi yake: kuandika mwongozo wa QGIS, ile programu huria ya ramani. Salimu, tuanzie kwenye ratiba, maana ndiyo inayotubana.

Salimu: Asante dada Rehema. QGIS hutoa toleo jipya kila baada ya miezi 4. Miezi 3 ya mwanzo watengenezaji wanaongeza vipengele. Mwezi wa mwisho mlango unafungwa, wanarekebisha hitilafu tu. Namba shufwa kama 3.38 na 3.40 ni matoleo ya watumiaji, na witiri kama 3.39 ni ya matengenezo. Mwezi ule wa mwisho ndio mzuri kwa mwandishi, kwa sababu majina ya vitufe mengi yameshatulia. Ukiwahi mno, utaeleza kitufe ambacho wiki ijayo kina jina jingine.

Rehema: Na anajuaje kwamba kuna kipya cha kuandikwa?

Salimu: Msimbo wa programu una hazina yake GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kushirikiana msimbo, na mwongozo una hazina yake, QGIS-Documentation. Badiliko lililowekewa lebo kwamba linahitaji maelezo likishaunganishwa kwenye msimbo, tikiti inafunguka yenyewe upande wa mwongozo, ikiwa na kiungo cha badiliko lenyewe na maneno ya mtengenezaji. Unachagua tikiti, unaandika hapo hapo kwamba umeichukua, ili watu wawili msilime shamba moja.

Rehema: Na hapo ndipo wanaoanza wanapoteleza. Wananakili maneno ya mtengenezaji na kuyabandika kwenye mwongozo. Lakini yule alikuwa anawaandikia wenzake wakague msimbo wake. Aliyefungua mwongozo hatafuti nani kaongeza nini. Ana kisanduku mbele yake, anauliza: nikikitia alama, data yangu itakuwaje?

Salimu: Kuna ukurasa wa mabadiliko unaotoka na kila toleo, wenye picha. Huko "sasa unaweza" ina nafasi yake. Kwenye mwongozo, neno "sasa" na neno "mpya" yafutwe. Mwongozo una tawi, yaani nakala yake, kwa kila toleo la muda mrefu, lile linaloendelea kurekebishwa hitilafu kwa muda mrefu, na watu hulisoma tawi hilo hata baada ya "mpya" kuchakaa.

Rehema: Tuchukue mfano mmoja tuuchambue. Algoriti ya bafa, ile inayochora eneo kuzunguka nukta, mstari au poligoni. Utambulisho wake ni `native:buffer`. Iliongezewa kigezo `SEPARATE_DISJOINT`, cha kuacha vipande visivyogusana viwe vitu tofauti. Tikiti iko mkononi. Unaanzia wapi?

Salimu: Sianzi kuandika. Nafungua toleo la matengenezo, kisha kwenye konsoli ya Python naandika `processing.algorithmHelp("native:buffer")`. Inaniletea vigezo vyote, majina kamili na aina zake. Anayependa mstari wa amri atumie `qgis_process help native:buffer`, majibu ni yale yale. Majina ya vigezo nayanakili kutoka hapo, sitegemei kumbukumbu. Herufi moja ikikosewa kwenye mwongozo, hati za watu za Python zinagoma.

Rehema: Halafu jaribio.

Salimu: Data ndogo kabisa. Natengeneza leya ya nukta 3: mbili ziwe umbali wa mita 50, ya tatu iwe mita 1,000 kutoka kwao. Bafa ya mita 100. Bila `DISSOLVE`, kigezo cha kuunganisha matokeo yote kuwa kitu kimoja, napata vitu 3, hata kama viwili vinapandana. Nikiwasha `DISSOLVE` napata kitu 1 chenye sehemu mbili zilizotengana. Nikiwasha na `SEPARATE_DISJOINT`, napata vitu 2: zile nukta za karibu zimeungana, ya mbali imesimama peke yake. Kisha nawasha kile kigezo kipya bila `DISSOLVE`. Kama bado naona vitu 3, basi sentensi ya mwongozo lazima iseme kwamba kigezo kina maana pale tu matokeo yanapounganishwa. Sharti hilo ndilo msomaji hawezi kulikisia.

Rehema: Usisahau jedwali la sifa. Vitu vikiungana, thamani za safu zinakwenda wapi? Lifungue jedwali uangalie, uandike ulichokiona. Na kuna mtego wa jaribio lenyewe: leya ikiwa kwenye EPSG:4326, mfumo wa majira wa latitudo na longitudo, umbali unahesabiwa kwa digrii. Ukiandika 100 unapata duara linalomeza ramani nzima, nawe ukadhani kipengele kina hitilafu. Tumia mfumo wa majira wa mita, kama ukanda wa UTM wa eneo husika.

Salimu: Baada ya hapo ndipo mahali pa kuandika panajulikana. Kila algoriti ina majedwali ya vigezo yenye safu 4: lebo inayoonekana kwenye dirisha, jina la kigezo, aina, na maelezo. Unaongeza mstari mmoja kwa mfuatano ule ule wa dirishani. Chaguo-msingi kiandikwe chini ya aina.

Rehema: Faili zenyewe ni reStructuredText, maandishi ya kawaida yenye alama za mpangilio, na Sphinx ndiyo inayozigeuza kuwa kurasa za wavuti. Zinasumbua wapi?

Salimu: Majedwali ndiyo yanaongoza. Kila mstari lazima uwe na idadi sawa ya seli. Ukisahau moja, jedwali zima linakataliwa. Ujongezaji ni nafasi, usichanganye na tabo. Mstari wa chini ya kichwa cha habari usiwe mfupi kuliko kichwa chenyewe. Na nanga, lile jina la mahali ambapo kiungo kinaelekea: unapoitangaza inaanza na kistari cha chini, unapoiita kwa `:ref:` kistari hicho hakipo. Menyu huandikwa kwa `:menuselection:` na mishale `-->`, vitufe na lebo kwa `:guilabel:`. Ukiweka herufi nzito za kawaida, ukurasa utapendeza tu machoni, lakini lebo za programu zitakuwa zimekosa mtindo wake mmoja.

Rehema: Kwa hiyo jenga kwenye kompyuta yako kabla ya kutuma.

Salimu: Lazima. Tengeneza mazingira pekee ya Python, sakinisha kilichoorodheshwa kwenye `REQUIREMENTS.txt` kwa pip, kisha `make html`. Ukiona onyo, lirekebishe hapo hapo. Ukaguzi wa kiotomatiki GitHub unahesabu onyo kama kosa, na ombi lako la kuunganisha maandishi yako kwenye mwongozo litabaki na alama nyekundu.

Rehema: Kuna kundi moja ambalo halifuati njia hii, na watu wamepoteza siku nzima kwalo. Funksheni za kikokotoo cha sifa, kama `buffer()` au `area()` unazoandika kwenye usemi. Maelezo yake kwenye mwongozo yanazalishwa na hati kutoka faili za JSON zilizo kwenye hazina ya msimbo, folda `resources/function_help/json`. Ukirekebisha ukurasa wa mwongozo moja kwa moja, hati ikipita tena kazi yako inafutika. Nenda kwenye JSON: kuna maelezo, hoja, na mifano yenye usemi na jibu lake. Faida yake ni kubwa, maana maandishi yale yale ndiyo yanayoonekana ndani ya programu mtu anapoibofya funksheni.

Salimu: Picha za skrini tuziseme kwa ufupi. PNG, si JPG. Kiolesura kiwe cha Kiingereza, kwa kuwa chanzo cha mwongozo ni Kiingereza. Punguza dirisha hadi libaki linaloonyesha kipengele tu, na hakikisha jina lako la mtumiaji halionekani kwenye njia ya faili.

Rehema: Mimi ningeongeza: kama sentensi mbili zinatosha, usiweke picha. Kila picha ni deni. Kitufe kikihama, maandishi yanarekebishwa kwa dakika moja. Picha inamtaka mtu afungue programu, aandae data, apige upya.

Salimu: Na maandishi yenyewe yana deni lake upande wa tafsiri. Sphinx hutoa maandishi ya kutafsiriwa aya kwa aya, kisha yanakwenda Transifex, tovuti ya watafsiri. Ukigusa mkato mmoja kwenye aya ya Kiingereza, aya nzima inahesabika imebadilika, na lugha zote zilizokuwa zimeitafsiri zinairudia. Kwa hiyo maelezo ya kigezo kipya yawe aya yake. Usiyachomeke katikati ya aya ya mistari kumi iliyokuwa sawa.

Rehema: Hilo linanigusa sana, kwa sababu watafsiri ni watu wa kujitolea, na wengi wao hawatamjua kamwe aliyehamisha ule mkato. Kama kuna lugha mbovu unayotaka kuinyoosha, tuma ombi tofauti, lisichanganywe na kipengele kipya.

Salimu: Ombi likikubaliwa, maelezo yanaingia kwenye tawi kuu, na unayakuta kwenye mwongozo wa majaribio, ule unaoitwa testing kwenye anwani yake. Ufungue ukurasa huo ubofye viungo vyako. Kuyarudisha kwenye tawi la toleo la muda mrefu ni uamuzi mwingine: fanya hivyo pale tu kipengele kipo kwenye toleo hilo. Fungua toleo hilo, endesha tena `algorithmHelp`. `SEPARATE_DISJOINT` isipotokea kwenye orodha, hakuna cha kurudisha.