Nguo Inaficha Uso, Kiuno Kinasema

Baba na mama, jioni njema. Kabla sijasema lolote, kipande hiki kipite mkono kwa mkono hadi nyuma. Kishikeni, hata mkinuse. Ni mfuko wa unga wa mahindi, umechanwa vipande vyembamba kama tambi, na kila kipande kimefungwa fundo kwenye wavu. Mafundo ya vazi zima, la kuchezea ngoma na kumfunika mtu toka kichwani hadi miguuni, sikuyahesabu. Vidole vya shangazi yangu ndivyo vinayajua.

Wengi huniuliza kama nimeiga Wamarekani. Nick Cave, msanii wa mavazi wa Chicago, namheshimu sana. Mwaka 1991 polisi wa Los Angeles walimpiga Rodney King, mtu mweusi; mwaka uliofuata Cave akaokota vijiti bustanini, akavishona vikawa vazi. Alipolivaa na kutembea, likapiga kelele, ndiyo maana mavazi yake yanaitwa Soundsuits, mavazi ya sauti. Aliye ndani huwezi kujua ni mweusi au mweupe, tajiri au maskini. Lakini wavu na mafundo nimevitoa karibu zaidi: kwa makishi, wachezaji wa vinyago wa Wachokwe na Waluvale, nyuzi zilizofumwa zikaubana mwili mzima. Mwana Pwo, yule kinyago cha msichana mrembo mnayemjua, ndani yake ni mwanamume anacheza.

Mfuko wa unga je? Huo ni wa kwetu. Lubumbashi, mji wetu huu wa Kongo, ilianza 1910, mwaka ule ule reli ilipofika kutoka kusini, na migodi ikaita watu: Kasai, Rwanda, Burundi, Rhodesia ya Kaskazini (Zambia ya leo). Karibu kila mmoja hapa ana babu aliyeshuka na mzigo. Halafu ikaja 1992 na 1993, swali la "wewe wa wapi?" likawa panga: wenye asili ya Kasai wakafukuzwa. Watu walilala stesheni za Likasi na Kolwezi wakingoja treni ya Kasai, wengine wamezaliwa huku huku, Kasai hawajawahi kuiona. Angalieni walichofungia vyombo vyao. Mifuko kama hii.

Kwa hiyo nilidhani: nikimfunika mtu kabisa, swali lile litanyamaza. Nilijidanganya.

Onyesho la kwanza tulilifanya Kenya, karibu na soko (Kenya yetu, mtaa wa Lubumbashi, siyo ile ya Nairobi). Nami, fundi mzima, nilikuwa nimeshona mabega kama ya shati. Mchezaji akavaa, ngoma ikaanza, mikono haipandi! Amebanwa kama mtoto mgongoni. Akafanya nini? Akashusha ngoma yote kiunoni na miguuni. Mama mmoja muuza makala akasimama: "Huyo Muluba wa Kasai! Ngoma yao ya mutuashi ile, mnaiona?" Jirani yake akakataa: "Hapana, ule mguu ni wa Kibemba." Wakabishana, watu wakajaa, hata wauza nyanya wakaacha meza zao. Mwaka mzima sikuwahi kusikia swali lile likiulizwa kwa sauti kubwa namna hiyo, na kwa kicheko.

Kijana akavua kichwa cha vazi, jasho linamtiririka mpaka kidevuni. Ni mtoto wa mtaa wa Ruashi: mama yake ni wa kabila la Basanga, baba yake ametoka Burundi. Mutuashi alijifunzia kwenye harusi za majirani.

Mama wa makala akamtazama juu mpaka chini, akarudi kwenye mifuko yake. "Sawa," akasema, "lakini kiuno ni cha Kasai."

Mabega yale sijayalegeza hadi leo. Kila vazi jipya nalibana pale pale. Kile kipande kimefikia nani? Mkirudishe mbele, tafadhali. Ni cha bega la kushoto, na kijana anangoja nje avae.