Picha za Maggie Ziko Wapi?

Ndugu zangu, hamjambo, na ahsanteni kwa kufika. The Simpsons, katuni ya Marekani kuhusu familia moja, ni bahari: ilianza kama tamthilia kamili Desemba 1989 na mpaka leo inaendelea. Mimi nimekuja na kipindi kimoja tu cha msimu wa sita, kilichorushwa Marekani Januari 22, 1995. Kinaitwa And Maggie Makes Three, na mswada wake ni wa Jennifer Crittenden. Ninyi mnaojifunza kuandika, nawaomba mkitazame kama fundi anavyotazama kabati la fundi mwenzake, kwa kulifungua milango na kuchungulia maungio.

Kinaanza na albamu. Marge, mama wa familia, anawaonyesha watoto picha za familia, nao wanauliza: mbona hamna hata moja ya Maggie, mdogo wao? Basi. Swali hilo linaachwa hapo, halijibiwi mpaka mwisho kabisa. Badala ya jibu, baba yao, Homer, anaanza kusimulia.

Kwa nini asimulie ya zamani? Katika katuni hii watoto hawakui. Bart ana miaka kumi, Lisa minane, Maggie hajaacha chuchu yake ya bandia tangu tumjue. Mahali ambapo watoto hawakui, mambo makubwa ya familia hayana pa kutokea ila huko nyuma, ndiyo maana uchumba wa wazazi na ujauzito wa Bart navyo vilisimuliwa hivyo hivyo katika vipindi vya awali.

Homer, basi, alikuwa kibarua wa kinu cha umeme wa nyuklia, kazi isiyompa raha hata kidogo. Siku alipomaliza madeni yake aliacha kazi kwa mbwembwe, akampiga bosi wake, mzee Burns, kichwani kama anapiga ngoma. Akaenda kuajiriwa kwenye ukumbi wa mchezo wa boling. Ujira mdogo, ila ulitosha watu wanne, na yeye alikuwa na furaha ya kweli. Furaha hiyo haikejeliwi. Mwandishi mvivu angemfanya Homer mjinga aliyeota ndoto za kijinga, na hasara yake isingetuuma. Hapa inauma, kwa sababu kazi ile ilimfaa.

Kisha Marge akapata mimba. Dada zake, Patty na Selma, wakaieneza habari mji mzima, na wa mwisho kujua akawa baba mtoto mwenyewe.

Watu wanne wakawa watano, na ujira ni ule ule. Homer alijaribu kuwavuta wateja ili aongezewe mshahara, ikashindikana. Akarudi kinuni, na mlango wa waombaji ni mdogo, unaingia kwa kutambaa. Nimeshatazama watu wengi wakicheka hapo. Mimi namkumbuka marehemu baba yangu, aliyewahi kurudi kwa mwajiri aliyekuwa ameachana naye vibaya, akakaa kwenye benchi tangu asubuhi hadi alasiri akingoja kuitwa. Hakutusimulia yeye; tuliambiwa na mama, miaka mingi baadaye.

Burns akamtundikia Homer kibao mbele ya meza yake ya kazi, kwa Kiingereza “Don't forget: you're here forever”, yaani usisahau, uko hapa milele.

Maggie akazaliwa. Homer alikuwa amenuna hadi alipomwona. Sehemu hiyo ni fupi mno, na ufupi huo ni wa makusudi, kwa kuwa mwandishi alikuwa bado na deni la lile swali la watoto.

Wanauliza tena: sasa picha zake ziko wapi? Homer anajibu kwamba ameziweka pale anapohitaji zaidi kuchangamshwa. Kisha tunaonyeshwa kituo chake cha kazi. Picha za Maggie zimejaa ukutani, nyingine zimebandikwa juu ya kibao, zikaziba baadhi ya herufi, na zilizobaki zinasomeka “Do it for her”: fanya kwa ajili yake.

Ujanja huo wa herufi kwa Kiswahili hautoki, nimejaribu sana. Ila kuna tunachopata. Kiingereza, kwa neno “her”, kinataja wazi kuwa ni wa kike, ilhali “yake” yetu haisemi ni nani. Inaziachia picha zenyewe zitwambie.

Na kibao hakikung'olewa. Bado kipo pale, na Homer bado yupo pale. Naomba tuzime taa sasa, tuitazame sehemu hiyo.