Kupanga siku ya Longonot na kikundi chako bila kuachana mlimani

Niaje watu wangu, karibuni tena. Leo nimekaa sebuleni na bagi yangu hapa sakafuni manake mmeniuliza sana, tukitaka kwenda Longonot, ule mlima wa volkeno karibu na Naivasha, kama kikundi, tuseme watu kumi au kumi na wawili, tunaanzia wapi.

Ngoja nisogeze kamera muone hii ramani nimechora mwenyewe, msicheke. Hapa ni geti. Kutoka getini mpaka ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkeno huko juu, ni kama kilomita 3, alafu mzunguko wenyewe huko juu ni kilomita 7 na kitu, alafu unashuka na zile 3 zako tena. Jumla ni 13 na ushee. Mtu anasikia 13 anasema aah hiyo nimetembea sana, anasahau hapa hakuna lami wala tambarare, unapanda unashuka unapanda tena mpaka Kilele, mita 2,776, na vumbi liko mdomoni.

Sasa cheki hii duara vizuri. Haina njia ya mkato. Ukishafika upande ule wa pili, kurudi ulikotoka na kuendelea mbele ni umbali uleule, katikati ni shimo, na bodaboda haiji. Kwa hivyo kwenye grupu ya wasapu usiulize tu "nani anakuja". Uliza mara mbili, nani anakuja, na nani anazunguka. Watu wakijibu mapema, hakuna mtu atasukumwa na aibu pale juu akubali kitu ambacho magoti yake yamekataa. Na anayeishia ukingoni hajakosa kitu kikubwa bana, anaona msitu wote ule chini kwenye kreta na mvuke ukitoka kwa kuta asubuhi kukiwa na baridi, anakula ndizi yake ametulia. Lakini asiachwe peke yake, wabaki wawili au zaidi.

Pesa. Hapa ndo urafiki huvunjika. Hifadhi ni ya KWS, wale wa wanyamapori wa serikali, na kiingilio unalipa kwa eCitizen, ile tovuti ya malipo ya serikali, usiende na noti mfukoni ukidhani utaongea na askari wa getini. Chagua mtu mmoja wa kukusanya kwa M-Pesa, mpe siku ya mwisho iwe Alhamisi kama mnaenda Jumamosi, na yule wa "nitakutumia nikifika" mhesabu kama haji. Bei muangalie wiki ileile mnayoenda, na mkumbuke raia, mwanafunzi na mgeni hawalipi sawa, kwa hivyo kila mtu abebe kitambulisho chake, si picha kwenye simu iliyozima.

Usafiri, kodini matatu moja ya siti kumi na nne, mteremke na barabara ya Mai Mahiu. Mkitoka Nairobi saa kumi na moja na nusu alfajiri mko getini saa mbili bila presha, saa tatu na nusu mko ukingoni, mzunguko uupe masaa matatu mpaka manne. Sisi tuna sheria moja, ikifika saa sita na hamjaanza kuzunguka, hakuna anayezunguka, hata kama umetoka Mombasa kwa hiyo safari. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni na hutaki kuwa juu na nyati giza likiingia, manake wako, na twiga na punda milia pia, ila hao wengine hawana shida na wewe.

Bagi sasa. Maji lita 3 kila mtu, na usitegemee kupata mengine njiani. Yabebe kwa chupa ya kutumia tena kama hii yangu iliyobonyea, zile za plastiki za kutupa zimepigwa marufuku ndani ya hifadhi tangu Juni 2020. Chakula kiwe cha kushika na mkono, mayai boilo, viazi vitamu, njugu, chapo zikunje na karatasi. Kofia, leso ya kufunga puani, sweta ya asubuhi.

Alafu hizi. Viatu. Leteni macho hapa, unaona hii soli ilivyoshonwa? Mwaka fulani tulikuwa kumi na sita, jamaa yetu mmoja akaja na buti safi kabisa, zimekaa chini ya kitanda miaka, gundi ikakauka na yeye hajui. Tumefika nyuma ya Kilele, soli ya kushoto ikafunguka mbele kama mdomo wa mamba, kila akikanyaga inapiga pa, pa, pa. Tukachana leso, tukafunga, baada ya dakika ishirini imekatika, tukafunga na kamba ya begi la mtu, na hapo hata ya kulia ikaanza. Wale wa mbele hawakujua chochote, walikuwa wameshafika getini wanakunywa soda wakidhani sisi tunapiga picha. Tulitumia karibu saa tatu kwa kipande cha saa moja. Kwa hivyo siku mbili kabla, vaa viatu vyako uzunguke mtaa, ruka, kunja soli na mkono namna hii.

Na tangu siku hiyo tunapanga hivi: mmoja anatangulia, mmoja anafunga mkia, na wa mkiani hampiti mtu hata akilala. Yule wa polepole anatembea wa pili, nyuma tu ya kiongozi, si mwisho, manake ukimweka mwisho kila akifika mahali mmepumzika nyinyi ndo mnasimama kuondoka, yeye hapumziki kamwe. Mnazunguka upande mmoja wote, na kila mkipumzika hesabuni vichwa kwa sauti.

Kushuka, hatua fupi, goti likunje kidogo, vumbi linateleza kuliko matope. Mkifika chini hesabuni tena kabla dereva hajawasha gari, alafu kung'uteni viatu nje, tafadhali, yule dereva wetu bado ananilalamikia.