Utoke Nyumbani Saa Ngapi? Takwimu za Safari ya Daladala

Karibuni. Leo tuna namba tisa tu, na zinatosha kabisa. Tuchukue mfano wa abiria wa Mbagala anayekwenda Kariakoo kila asubuhi. Ameandika dakika za safari kwa siku tisa: 42, 38, 118, 45, 35, 47, 40, 44, 41. Siku ya dakika 118 mvua ilinyesha, barabara ikajaa maji.

Kabla ya kujumlisha chochote, ulizeni dakika hizi zinaanzia wapi: akifika kituoni, au gari likishaondoka? Akianza leo na kusubiri, kesho akaanza na kupanda, amechanganya vipimo viwili, na hapo hakuna kanuni itakayomwokoa. Sisi tunahesabu tangu anapofika kituoni.

Jumla ni 450. Gawanya kwa 9, unapata wastani wa 50. Sasa zitazameni tena namba zenyewe: siku nane kati ya tisa, safari ilikuwa chini ya dakika 50! Siku moja imeuvuta wastani mpaka ukaziacha nyuma nyingine zote.

Tutafute namba ya kati. Zipange kwanza kuanzia ndogo: 35, 38, 40, 41, 42, 44, 45, 47, 118. Ya tano ni 42. Wengi husahau kupanga, wakachukua ya tano kama ilivyoandikwa. Hapa wangepata 35, safari fupi kuliko zote.

Mtawanyiko je, yaani namba zimesambaa kiasi gani kutoka kwenye wastani? Toa 50 kwenye kila namba. Tofauti hizo zikijumlishwa lazima zilete sifuri. Zisipoleta, rudi nyuma, umekosea mahali. Kisha zidisha kila tofauti kwa yenyewe. Siku ya mvua peke yake inatoa 68 mara 68, yaani 4,624, na jumla ya zote ni 5,308. Gawanya kwa 8, yaani 9 kutoa 1, kwa kuwa hii ni sampuli, siku chache tu kati ya nyingi, halafu tafuta kipeuo cha pili: mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha mtawanyiko huo, ni karibu dakika 26. Ukiiondoa siku ile, unashuka chini ya dakika 4.

Basi tuiondoe? Hapana. Namba huondolewa ikithibitika imeandikwa vibaya, si kwa sababu imetuharibia hesabu. Mvua ilinyesha kweli, na itanyesha tena.

Kipimo gani kitumike, inategemea swali. Anayeuliza safari ya kawaida ikoje, mpeni 42. Anayetaka jumla ya muda unaopotelea njiani, mpeni wastani, maana 42 mara 9 ni 378, pungufu ya dakika 72 kwa zile alizotumia kweli. Anayeogopa kuchelewa kazini hahitaji kimoja kati ya hivyo viwili. Kwa siku hizi tisa, angetenga dakika 42 angechelewa mara nne. Angetenga 47, mara moja tu. Kuongeza hadi 50 kusingemsaidia siku hata moja zaidi.

Kwa kipindi kijacho, kila mmoja aandike safari zake kumi, pamoja na siku ya wiki na hali ya hewa. Zikiwa kumi hakuna moja inayokaa katikati: chukueni ya tano na ya sita baada ya kupanga, jumlisheni, gawanyeni kwa mbili.