Matairi yaliyokuja na gari: yamalizeni kwanza

Ndugu zangu, asanteni kwa kufika. Historia ya mpira na jinsi tairi linavyotengenezwa nairuka, wengi wenu mnaifahamu. Nataka muda wote uende kwenye swali ninaloulizwa kila ninaposimama mbele ya wenye magari ya mwendo mkali: nimechukua gari jipya, lina nguvu, je, nivue matairi yaliyokuja nalo nifunge yaliyo bora?

Usiyavue. Yaendeshe mpaka yaishe, ndipo tuzungumze. Naona wengine wanatabasamu kwa sababu wamenisikia nikisema hivi mara nyingi. Nitaendelea kusema, maana kila mara nakutana na mtu aliyevua matairi mazima, akafunga mengine kwa kusikia sifa tu, na sasa hajui kwa nini gari halitulii kwenye kona.

Leo mkirudi, inameni msome ubavu wa tairi. Kwenye Porsche mtakuta herufi N na namba, kwa mfano N0 au N1. BMW huweka nyota. Mercedes-Benz hutumia MO, Audi hutumia AO. Watu huzipita alama hizo kama vile ni urembo. Maana yake ni kwamba wahandisi wa gari na wahandisi wa tairi wamefanya kazi pamoja: tairi limeletwa, likaendeshwa, likarudishwa, mchanganyiko wa mpira ukabadilishwa, ubavu ukakazwa au ukalegezwa, likaletwa tena, mpaka wenye gari wakaridhika. Chukueni Michelin Pilot Sport 4S yenye N0, ya Porsche, muiweke kando ya yenye K1, ya Ferrari. Jina ni moja, na kwa macho mtasema ni ndugu mapacha. Lakini kila moja ilitengenezwa kwa matakwa ya gari lake, na ukinunua ile isiyo na alama yoyote umenunua ya tatu.

Na kwa nini nalishikilia sana jambo hili? Kwa sababu tairi ndilo springi ya kwanza ya gari. Kabla springi ya chuma haijajikunja na kabla shokapu haijafanya kazi, ubavu wa tairi umeshabonyea. Ukikaza ubavu huo, usukani utajibu haraka, utafurahi siku ya kwanza. Kisha utaingia kwenye lami yenye mabonde na gurudumu litaanza kurukaruka badala ya kushika barabara. Ukilegeza, gari litachelewa kukufuata unapokata kona. ABS nayo, yaani mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge unapokanyaga breki, na kompyuta inayozuia gari lisiteleze, vyote vilipimwa juu ya tairi lile la mwanzo. Kwa hiyo mtu anadhani amebadilisha matairi, kumbe amegusa mwenendo mzima wa gari, tena bila kushika spana.

Sasa najua kuna anayetaka kuniambia: “Mwalimu, kiwanda hubana matumizi. Hufunga tairi la bei nafuu, linalopunguza mafuta, ili namba zake zipendeze.” Kwa magari mengi ya kawaida una hoja. Upinzani wa tairi barabarani hula mafuta, na viwanda vinalijua hilo. Lakini hapa tunazungumzia magari yaliyotengenezwa kwa ajili ya kona na breki.

Na msiniletee Toyota GT86! Kila mara kuna wa kuniletea GT86. Haya, tuiongelee. Ilipotoka mwaka 2012 ilikuja na Michelin Primacy HP, upana wa milimita 215 kwenye rimu ya inchi 17, tairi la kawaida tu kwa gari la michezo. Watu wakapiga kelele. Wakasahau kwamba waliolitengeneza gari lile walitaka hivyohivyo: injini ya farasi kama 200, uzito mdogo, na tairi linaloanza kuteleza mapema na taratibu, ili dereva ajifunze kulidhibiti gari kwa mwendo usioua. Ukilifunga tairi pana lenye mshiko mkali, ni kweli utapita kona kwa kasi kubwa zaidi. Siku litakapoachia, litaachia kwa kasi hiyohiyo kubwa, na ghafla. Huo ndio uboreshaji unaoutaka? Kama unakwenda kwenye uwanja wa mbio na unajua unachofanya, sawa, fanya. Kwa barabarani, nionyeshe faida.

Upana peke yake ungestahili mhadhara mzima. Tairi pana hukanyaga maji kwa shinikizo dogo kwa kila sentimita ya mraba, kwa hiyo huelea mapema zaidi mvua inapojaa. Pia ni zito. Nayaacha hayo.

Jambo jingine linaloniudhi ni haraka ya kuhukumu. Tairi jipya hutoka kwenye kalibu likiwa na utelezi juu yake, na kilomita mia chache za mwanzo halijafikia mshiko wake. Wewe nawe hujalizoea gari. Wiki ya kwanza unaniambia tairi ni baya: umepima nini? Anza na upepo. Pima matairi yakiwa ya baridi, kabla gari halijatembea, ufuate kibandiko kilichopo kwenye fremu ya mlango. Nimeona malalamiko mengi yakiishia hapo, kwenye upepo.

Sasa, lini nakubali ubadilishe mapema? Baridi. Mpira wa tairi la kiangazi huanza kuwa mgumu joto linaposhuka kuelekea nyuzi 7, na hapo mshiko wake hauaminiki hata lami ikiwa kavu. Unakoishi kukiwa na majira ya baridi ya kweli, nunua seti ya pili, hizo za kiwandani zihifadhi, usizitupe. Nakubali pia gari likija na tairi la uwanjani, mfano Pilot Sport Cup 2, na wewe unaendesha kila siku kwenye mvua. Tairi hilo linataka joto na lami kavu. Kulivua ni busara.

Naonyeshwa saa, kwa hiyo haya nayapitisha mbio. Namba ya TREADWEAR ubavuni, inayoeleza tairi litadumu kiasi gani: kila kampuni hujipimia yenyewe, msilinganishe 300 ya kampuni moja na 300 ya nyingine. Uzito na mwendo: 95Y ni kilo 690 kwa tairi moja na kilomita 300 kwa saa; msishuke chini ya kile gari lilichoandikiwa, hata kama muuzaji anaapa. Tarehe: tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT ubavuni ni wiki na mwaka tairi lilipotengenezwa, 1024 ni wiki ya 10 ya mwaka 2024. Isomeni kabla ya kulipa.

La mwisho, na hili naomba mlichukulie kwa uzito, ni la magari yanayosukuma magurudumu yote manne. Msibadilishe mawili tu. Tairi jipya lenye mifereji ya milimita 8 na lililobaki na 4 yanatofautiana mzunguko kwa takribani sentimita mbili na nusu. Lililochakaa huzunguka zaidi, kilomita baada ya kilomita, na tofauti hiyo inabebwa na difu na klachi zilizomo ndani yake. Badilisheni yote manne, yenye alama ileile. Na mkishayafunga, pigeni alaimenti, yaani kunyoosha magurudumu, siku hiyohiyo.

Maswali.