Pweza wa Mtini: Kumfundisha Mwanafunzi Kuchuja Habari za Mtandaoni

Karibuni, walimu wenzangu. Mwanafunzi wa leo hakosi habari, zinamfurika. Shida yake ni kujua mbivu na mbichi. Fungueni kompyuta, tufanye pamoja.

Kwanza, aandike swali lake kwenye karatasi kabla hajagusa kibodi. "Pweza" si swali. "Pweza huishi wapi?" ni swali. Hatua fupi hii, lakini msiiruke.

Pili, atafute. Matokeo yakitokea, asibofye kitu! Ashuke nayo taratibu, asome majina ya tovuti na ile mistari miwili mitatu ya maelezo. Yaliyo juu kabisa huenda ni matangazo ya kulipiwa, na wenyewe huandika hivyo kwa herufi ndogo.

Tatu, na hapa tukae kidogo. Tafuteni "Pacific Northwest Tree Octopus". Kuna tovuti ilianzishwa mwaka 1998 inayosimulia habari za pweza anayeishi mitini, kwenye misitu ya Marekani. Picha zipo. Jina la kisayansi lipo, Octopus paxarbolis. Hata wito wa kumwokoa asitoweke upo. Pweza mwenyewe ndiye hayupo. Ni wa kubuni. Mwanafunzi akikodolea macho ukurasa huo tu, hataona kasoro. Sasa afungue ukurasa mwingine pembeni, aandike jina la huyo pweza, asome wengine wanasemaje juu yake. Dakika haiishi, uongo umejulikana.

Hiyo ndiyo mbinu ya wahakiki wa habari, yaani watu ambao kazi yao ni kupima ukweli wa habari. Mwaka 2017, Sam Wineburg na Sarah McGrew wa Chuo Kikuu cha Stanford waliandika jinsi walivyowapima wahakiki 10, wanahistoria 10 na wanafunzi 25 wa chuo hicho. Wanahistoria, wasomi wa shahada ya uzamivu, wengi walinaswa na nembo na majina ya kuvutia, kwa kuwa walibaki palepale wakisoma. Wahakiki walitoka mapema, wakauliza kwingine.

Na Wikipedia? Mimi simkatazi mwanafunzi. Namwambia ateremke hadi kwenye marejeo, afungue chanzo chenyewe, akisome.

Anapotafuta, akitaka maneno yakae pamoja jinsi alivyoyaandika, ayafunge kwa alama za kunukuu. Basi.

Kesho wapeni darasa tovuti ya pweza bila kuwadokeza lolote. Dakika tano. Simameni nyuma yao, mtazame ni nani atakayefungua ukurasa wa pili.